Vipande Visivyotupwa

Dominika ya 33 ya Mwaka A
Masomo: Mit 31:10-13, 19-20, 30-31, 1 Thes 5:1-6, Mt 25:14-30

Wapendwa wasikilizaji, mwaka wa Kanisa unaelekea ukingoni. Imebaki Dominika moja tu, ile ya Kristo Mfalme, kisha tutaanza Majilio. Ndiyo maana Mama Kanisa anatuwekea mbele yetu leo hesabu ya mwisho: bwana aliyesafiri amerudi, naye anawaita watumishi wake mmoja mmoja, aone walivyotumia mali aliyowaachia.

Tusiidharau mali hiyo. Mara nyingi tusikiapo neno talanta tunafikiri habari ya kipaji cha kuimba au cha kucheza mpira. Katika nyakati za Bwana wetu talanta ilikuwa kipimo cha fedha kilicholingana na dinari zipatazo elfu sita, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima. Basi fanyeni hesabu. Mtu afanyaye kazi siku mia tatu kwa mwaka angehitaji miaka ishirini ili apate talanta moja. Yule mtumishi wa tatu, ambaye tumezoea kumwona kama aliyepewa kidogo, alikabidhiwa ujira wa miaka ishirini! Hakuwa maskini. Alikuwa mwoga. Akachimba shimo, akaifukia.

Ndugu zangu, nadhani hakuna mahali ambapo mfano huu unasikika kwa namna ya pekee kama pale Maganzo, katika Wilaya ya Kishapu, kando ya barabara iendayo Mwanza kutoka Shinyanga. Jirani yake ni Mwadui, ambako Dakta John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Tangu hapo watu wa pande hizo wamejua maana ya kuchimba. Wanachimba ili watoe ardhini utajiri uliofichwa. Mtumishi wa Injili alifanya kinyume: alichimba ili aufiche utajiri uliokuwa tayari mkononi mwake. Watu wa Maganzo wangemcheka mtu wa namna hiyo. Lakini kabla hatujamcheka, tujiulize kama sisi wenyewe hatuna shimo letu mahali fulani.

Somo la kwanza linatupatia mtu wa kulinganisha na mtumishi huyo. Ni mwanamke, tena mwanamke wa nyumbani. Shairi la mwisho la kitabu cha Mithali lina beti ishirini na mbili, kila ubeti ukianza na herufi yake katika alfabeti ya Kiebrania, kana kwamba mwandishi anasema kuwa sifa za mama huyu zinamaliza herufi zote. Na tazameni anavyosifiwa. Hasifiwi kwa sura. Anasifiwa kwa sufu na kitani, kwa pia ya kusokotea uzi, kwa mikono yake. Katika lugha ya asili kuna jambo zuri ambalo tafsiri zetu si rahisi kulionyesha. Kitenzi kinachosema kuwa anaupeleka mkono wake kwenye kazi ya kusokota ndicho kitenzi kilekile kinachosema kuwa anaupeleka mkono wake kwa mhitaji. Mkono ni uleule. Unaotafuta riziki ndio unaogawa.

Ili tusibaki katika maneno matupu, nitawasimulia juma moja la mama mmoja mshonaji wa pale Maganzo. Jina lake sitalitaja, kwa sababu hapendi kutajwa. Mama huyu ana cherehani ya kukanyaga kwenye baraza ya duka. Anashona sare za shule, magauni ya vitenge, na nguo za Komunyo ya Kwanza. Lakini kazi aipendayo kuliko zote ni blanketi la viraka, lile ambalo watu wa pwani wangeliita mfarishi: vipande vidogo vidogo vya nguo vilivyounganishwa hadi vikawa kitu kimoja cha kujifunika.

Jumatatu yake ni siku ya kufua. Anavikusanya vipande vya juma lililopita, anaviloweka, anavianika na kuvipiga pasi ya mkaa. Mtu asiyejua atauliza: mbona unafua kitambaa kipya? Fundi anajua. Kitambaa kipya hunywea kikilowa, na rangi yake huchuja. Ukikishona kabla hakijanywea, siku ya kwanza ya kufuliwa kitavuta mwenzake na kumchana. Bwana wetu Yesu Kristo aliyafahamu mambo haya. Katika Injili hii hii ya Mathayo, sura ya tisa, anazungumzia ujinga wa kutia kiraka cha nguo mpya katika vazi kuukuu. Huenda aliyesema maneno hayo alikua katika nyumba ambamo mama yake alishona viraka.

Jumanne anapanga. Hutandika mkeka sakafuni na kuvilaza vipande, kitenge karibu na kitenge, kaki karibu na kaki, maana kitambaa kizito kikishonwa na chepesi, chepesi ndicho kinachoumia. Jumatano anaviunganisha kwa cherehani. Alhamisi anaweka blanketi kuukuu katikati na bitana chini, kisha anapiga bandi ili matabaka matatu yasiteleze. Ijumaa anapitisha sindano kwa mkono, mshono baada ya mshono, kutoka upande hadi upande. Jumamosi anakunja pindo. Hayo yote katikati ya kazi za wateja, shamba, kuni, maji na watoto.

Sasa, wapendwa, hapa pana jambo ambalo nawaomba mafundi wote wanisikilize. Vile vipande ni vya nani? Mteja huleta mita nne za kitenge, gauni likatumia mita tatu na nusu. Ile nusu mita huenda wapi? Katika vibanda vingi vya mafundi swali hilo haliulizwi kabisa. Mama huyu huliuliza. Kila mteja anapokuja kuchukua nguo yake, hukuta mabaki yamefungwa pamoja nayo.

Mteja mmoja alimwambia, "Mama, hivyo vya nini tena? Tupa tu."

Naye akajibu, "Kitambaa ni chako, mwanangu. Ukinipa nitashukuru, lakini siwezi kujipa mwenyewe."

Mafundi wenzake wanamcheka. Wanasema anajitafutia hasara kwa matambara. Lakini wengi wa wateja humwachia vipande vile kwa moyo mweupe, na hivyo kila blanketi alishonalo limetokana na ruhusa ya watu. Hakuna kipande cha wizi ndani yake. Bwana wa talanta anapowasifu watumishi wawili wa kwanza, hawasifu kwa wingi wa faida. Mwenye tano na mwenye mbili wanapewa sifa ileile, neno kwa neno. Anawasifu kwa kuwa walikuwa waaminifu katika machache. Nusu mita ya kitenge ni machache. Hapo ndipo uaminifu unapopimwa, kwa sababu hapo hakuna anayeangalia.

Mama huyu ana mtoto wa kiume aliyeacha shule akaenda kuchekecha changarawe. Siku moja kijana alimwambia, "Mama, wewe unahangaika na matambara. Mimi natafuta jiwe moja tu, tutatoka sote." Mama akamjibu, "Litafute, mwanangu. Lakini usiku wa leo utajifunika nini?" Ningependa kuwaambia kwamba kijana aliyaelewa maneno hayo akarudi shuleni. Sivyo. Hadi leo anachekecha, na usiku anajifunika blanketi la mama yake. Ada ya mdogo wake inalipwa kwa sindano.

Msinielewe vibaya. Siidharau kazi ya wachimbaji wadogo. Ni kazi ya jasho, na Mungu hubariki jasho la haki. Ninachosema ni juu ya tumaini letu tunaloliweka mahali gani. Wako watu ambao maisha yao yote yanangoja siku moja ya bahati, na kwa kuingoja siku hiyo wanazifukia siku nyingine zote: leo hawalimi, hawajifunzi ufundi, hawakai na watoto wao, kwa kuwa jiwe likipatikana kila kitu kitanyooka. Mtume Paulo, katika somo la pili, anatuambia tusilale kama wengine, bali tukeshe na kuwa na kiasi. Paulo mwenyewe alikuwa mtu wa mahema. Kule Korintho alikaa na Akila na Priskila, kwa sababu ufundi wao ulikuwa mmoja. Anapotuambia tukeshe, hatuambii tukae tukitazama mawingu. Siku ya Bwana itukute na sindano mkononi, au jembe, au chaki, au kitabu.

Nimetaja kitabu, nami sikukitaja ovyo. Juma la mama huyu halina kushona peke yake. Mama yake mzazi alijifunza kusoma katika ule mradi wa kisomo uliofanyika kati ya mwaka 1968 na 1972 katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kwa msaada wa UNESCO. Baadhi ya vitabu vya kwanza vya wanakisomo vilihusu kilimo cha pamba, ili mkulima ajifunze herufi kwa jambo alilolijua. Fikirini basi: nyanya alijua kusoma kwa njia ya pamba, na binti yake anaishi kwa kitambaa cha pamba. Bibi huyo aliweka sharti nyumbani kwake kwamba jioni isipite bila kitu kusomwa. Binti ameirithi desturi hiyo. Jioni, wasichana wanaojifunza ushonaji kwake wanapopiga bandi, mmoja wao husoma kwa sauti. Alhamisi husomwa masomo ya Dominika ijayo, na wazee wa jumuiya wasioona vizuri huja kuketi pale barazani kusikiliza. Makatekista wanaonisikiliza watambue kwamba hiyo nayo ni shule ya katekesi, ingawa haina ubao.

Siku nyingine husoma hadithi. Juma lile walikuwa na kitabu kinene cha Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mzee Kitereza alisomea seminari akiwa kijana. Aliimaliza kazi hiyo kwa lugha ya Kikerewe mwaka 1945, ikakaa bila kuchapishwa. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1980, baada ya miaka thelathini na mitano. Mwaka uliofuata akafariki dunia. Mzee huyo hakuifukia talanta yake. Aliishika mkononi na kuingoja saa ya Mungu. Wako wengi kati yetu waliofanya kazi njema ambayo bado haijaonekana na mtu yeyote. Wasikate tamaa. Kungoja si kufukia.

Tena mama huyu hutembea. Jumatano jioni huenda kuwajulia hali wagonjwa wa jumuiya yake. Kila baada ya majuma machache hupanda basi kwenda Shinyanga kununua uzi na sindano. Na mwaka mmoja, wakati wa sikukuu ya Ekaristi Takatifu, alifuatana na akina mama wenzake wa WAWATA hadi Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza. Huko aliona makumbusho ya utamaduni wa Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika, na kanisa ambamo alama za watemi zimewekwa zimtumikie Kristo Mfalme. Aliona pia ngoma za Bulabo, jina ambalo maana yake ni maua. Aliporudi alisema, "Kumbe wazee wetu hawakutupwa. Wameshonwa ndani." Wanateolojia tungetumia kurasa nyingi kueleza utamadunisho, naye aliumaliza kwa sentensi mbili.

Yapo manung'uniko kuhusu safari hizo. Watu husema mama mzima anazurura badala ya kukaa kwenye cherehani yake. Nao wanaume wengine, ambao jioni zote huzimalizia vijiweni, ndio wa kwanza kunung'unika. Kwao nina neno moja. Bikira Maria, mara alipopata habari ya Malaika, aliondoka kwenda milimani kwa haraka kumtembelea Elisabeti. Bwana Yesu mwenyewe aliwaita Mitume wake, walipochoka, waende mahali pa faragha wapumzike kidogo. Mama anayetembelea mgonjwa au anayekwenda kuhiji na wenzake hazururi. Mkono usiopumzika hauwezi kunyooka muda mrefu.

Ushonaji huu wa vipande si wa Maganzo pekee. Katika jimbo la Karnataka kule India wanaishi Wasidi, ambao asili yao ni Afrika. Wahenga wao walivushwa bahari, wengi wao wakiwa watumwa. Kati yao wamo Wakatoliki, Waislamu na Wahindu. Wanawake wao hushona mablanketi kwa nguo zilizochakaa za jamaa zao. Huanza pembezoni na kuzunguka wakielekea katikati, na katika pembe huweka vipande vidogo vilivyokunjwa ambavyo huviita maua. Blanketi lisilo na maua hayo, kwao, ni kama limebaki uchi. Watu walionyang'anywa nchi na ndugu waliweka ua kwenye pembe ya kitu cha kulalia! Na Mtakatifu Yosefina Bakhita wa Sudan, aliyeuzwa na kuuzwa tena tangu utotoni, huko Schio nchini Italia alimtumikia Mungu jikoni, mlangoni na kwa sindano ya kutarizi. Mwaka 2000 Kanisa lilimwandika katika orodha ya Watakatifu.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya tisa, tunasoma habari za Tabitha wa Yafa. Yeye ndiye mwanamke pekee ambaye Agano Jipya linamwita mwanafunzi kwa neno hilo la Kigiriki katika umbo la kike. Alipokufa, na Petro alipofika, wajane hawakumweleza mtume habari za imani ya marehemu kwa maneno mengi. Walimwonyesha nguo. Walilia wakimwonyesha kanzu alizowashonea.

Mnamo tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la kuhifadhia matope ya mgodi kule Mwadui lilibomoka, matope yakaingia katika mashamba na nyumba za watu wa vijiji vya jirani. Siku zile mama wa Maganzo alikuwa na mablanketi matatu yaliyokamilika, yote yana wenyewe waliokwisha kuyaagiza. Akaenda kwa kila mmoja wao kuomba ruhusa. Wawili walikubali kungoja, mmoja alikataa na kuchukua lake, na hakumlaumu. Mablanketi mawili yakaenda kwa familia ambazo vitanda vyao vilikuwa vimefunikwa na tope. Mkono ulioshika sindano ndio ulionyooka.

Wapendwa, Baba Mtakatifu Fransisko aliamua mwaka 2016 kwamba Dominika hii ya 33 iwe Siku ya Maskini Duniani, nasi tumeiadhimisha tangu mwaka 2017. Tuiadhimishe kwa matendo. Nawaomba mambo matatu tu kwa juma hili.

Kwanza, yeyote mwenye deni kwa fundi, alipe. Zipo familia ambazo watoto wao walipokea Komunyo ya Kwanza wakiwa na magauni meupe ambayo hadi leo hayajalipiwa. Torati inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi. Wengine wamelaza ujira huo tangu Pasaka. Pesa ya kutoa sadaka ya maskini isitoke katika jasho la maskini mwingine.

Pili, kila mwenye ufundi amfundishe mtu mmoja. Talanta haizai ikikaa peke yake. Binti aliyeachia shule njiani, kijana aliyechoka kungoja jiwe, wanahitaji mtu wa kuwaambia, "Njoo, keti hapa, shika mkasi."

Tatu, baba na watoto wa kila nyumba wampe mama saa moja ya kupumzika, kusoma au kutembelea wenzake, bila kumuuliza chakula kiko wapi. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake juu ya kazi ya mwaka 1981, alitufundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mwanadamu, wala si mwanadamu kwa ajili ya kazi. Fundisho hilo linawahusu pia wale wanaofanya kazi jikoni na shambani bila mshahara.

Bwana atakaporudi hatatuuliza kwa nini hatukupata almasi. Atauliza tulifanya nini na vipande alivyotuachia mikononi. Alipowalisha watu elfu tano aliwaagiza wanafunzi wakusanye mabaki, kisipotee chochote. Ni Mungu asiyetupa. Mwenye dhambi aliyechanika, mjane aliyesahauliwa, kijana aliyepotelea mashimoni, wote ni kitambaa chake, naye anajua mahali pa kuwashona.

Tuombe: Ee Mungu Baba, uliyetukabidhi mali yako kwa kutuamini, utuondolee woga unaotufanya tuchimbe mashimo. Uibariki mikono ya akina mama washonaji, na wakulima wa pamba wanaongoja mvua wapande mbegu zao msimu huu. Uwalinde wachimbaji walioko chini ya ardhi. Utufanye sote, wengi na tofauti tulivyo, kuwa vazi moja la Mwanao, Bwana wetu Yesu Kristo. Amina.

Nawatakia Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo!